Mche wa sabuni na mche wa chai: Jinsi nyumba ya Lever ilivyofika Kericho na Bomet

KISWAHILI kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo historia imevifunga pamoja katika vilima vya Kericho na Bomet. Mche ni mmea mchanga unaopandikizwa shambani. Mche pia ni kile kipande kirefu cha sabuni ambacho mwenye duka hukikata kwa kisu ili kumfaa mteja asiyeweza kukinunua kizima.

Kuanzia mwaka 1984 hadi 2022, kampuni iliyozaliwa kutokana na mche wa sabuni ndiyo iliyokuwa na usemi mkuu juu ya mashamba mengi makubwa ya chai katika eneo hilo. Kampuni hiyo ni Unilever. Wakazi wa Kericho waliijua kwa njia mbili: waliichumia majani mchana, na jioni walinawa mikono kwa sabuni zake.

Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba chanzo cha yote hayo kilikuwa kiwanda kidogo cha kukodi katika mji wa Warrington, kaskazini magharibi mwa Uingereza, mwaka 1885, na kwamba aliyekifanya kiwanda hicho kiwe na kitu cha kuuza alikuwa mwanakemia ambaye jina lake limebaki pembeni mwa habari.

Enzi za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, zilikuwa enzi za watu wa aina hiyo. Mwenye duka la dawa katika mji wa Uingereza alikuwa na mizani, chupa na ujuzi wa kuchanganya, na wengi walitoka nyuma ya kaunta wakaingia kiwandani. Jesse Boot wa Nottingham alilichukua duka la mitishamba la wazazi wake akaligeuza kuwa msururu wa maduka ya dawa nchi nzima. Sabuni za Cussons, ambazo Wakenya wameogea kwa miongo mingi, zina asili yake kwa Thomas Tomlinson Cussons, mwanakemia wa dukani katika jimbo la Yorkshire, ambaye wanawe walirithi kazi hiyo na kuikuza.

Nyumba ya Lever inatofautiana na hizo kwa jambo moja. Kwao, mwanakemia na mwanzilishi hawakuwa mtu mmoja.

William Hesketh Lever alizaliwa Bolton, Lancashire, mnamo Septemba 19, 1851. Babake alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa vyakula. Kijana huyo aliacha shule na kuingia katika biashara ya babake akiwa na umri wa miaka 16, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kukata miche ya sabuni na kuifunga vipande. Hakuwa na elimu ya sayansi. Alichokijua ni jinsi mnunuzi anavyosimama mbele ya kaunta, anavyonusa bidhaa, anavyosita na anavyoamua.

Wakati huo sabuni haikuwa na jina. Ilikuja kwa miche mirefu, ikapimwa kwa uzani na kuuzwa kama inavyouzwa jibini. Lever aliona kwamba kama angeikata mapema, akaifunga kwa karatasi na kuipa jina linalokumbukwa, mama wa nyumbani angerudi kuiulizia jina hilo dukani, na mwenye duka hangekuwa na budi kuiweka. Mwaka 1884 alisajili jina Sunlight, yaani mwanga wa jua.

Jina lilikuwa zuri kuliko sabuni yenyewe. Lever alikuwa akinunua sabuni kutoka kwa watengenezaji wengine na kuipa chapa yake, na baadhi ya sabuni hiyo ilitoa jasho ndani ya karatasi na kuvunda. Malalamiko yakaanza kuingia. Hapo ndipo alipotambua kwamba asiyekuwa na chungu chake hana uwezo juu ya kinachopikwa. Yeye na nduguye mdogo, James Darcy Lever, wakakodi kiwanda cha Winser huko Warrington, na hapo akaingia William Hough Watson, mwanakemia wa Bolton.

Ili kufahamu alichokifanya Watson, ni vyema kueleza kwanza sabuni hutoka wapi.

Sabuni ni zao la ndoa kati ya mafuta na magadi. Magadi yanayochimbwa katika ziwa lenye jina hilo huko Kajiado, ambayo jikoni hulainishia maharagwe, yakichanganywa na maji na chokaa hutoa soda kali, kitu kinachoweza kuunguza ngozi. Soda kali hiyo ikichemshwa pamoja na mafuta, mafuta huvunjika. Sehemu moja huungana na soda ikawa sabuni. Sehemu ya pili hubaki kuwa gliserini, kile kimiminika kitamu na kizito kinachotumika kulainisha ngozi. Chumvi ikitiwa chunguni, sabuni huelea juu na gliserini huenda chini pamoja na maji.

Mambo hayo yalifanywa kwa mazoea kwa karne nyingi kabla ya kueleweka. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza katika kitabu chake cha 1823 kile kinachotokea ndani ya mafuta yanapokutana na magadi. Kabla yake, mwaka 1791, Mfaransa mwingine, Nicolas Leblanc, alikuwa amepata njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Viwanda vya njia hiyo vilijaa kando ya Mto Mersey, si mbali na Warrington, na moshi wake uliua miti ya vitongoji vya jirani. Serikali ya Uingereza nayo ilifuta kodi ya sabuni mwaka 1853. Kufikia siku za Lever, kwa hivyo, magadi yalikuwa rahisi, kodi haikuwepo, na wafanyakazi wa migodi na viwanda vya nguo walikuwa na uchafu mwingi wa kuosha. Kilichobaki ghali na kibovu kilikuwa mafuta.

Sabuni ya kawaida ilitokana na shahamu ya ng'ombe na kondoo. Sabuni ya shahamu ni ngumu na hudumu, lakini hutoa povu kwa uchoyo, hasa katika maji baridi. Mchanganyiko wa Watson ulipunguza shahamu na kutegemea zaidi mafuta ya mimea: mawese, mbata, yaani nazi iliyokaushwa, na mbegu za pamba. Gliserini nayo haikumwagwa yote. Matokeo yake yalikuwa sabuni iliyotoa povu mara moja na ambayo haikuikwaruza sana mikono ya mfuaji.

Sifa zote zilimwendea Lever, na si kwa uonevu mtupu, kwani wenye kujua kutengeneza sabuni nzuri walikuwa wengi na wenye kujua kuiuza walikuwa wachache. Hata hivyo, bila Watson, Lever angekuwa mtu mwenye karatasi nzuri iliyofunga kitu kilichovunda. Kiwanda kilichokuwa kikitoa tani 20 za sabuni kwa wiki walipokichukua kilikuwa kikitoa tani 450 kufikia mapema 1888.

Warrington hakukutosha tena. Ndugu hao walinunua ardhi ya kinamasi ng'ambo ya Mersey, karibu na Birkenhead, na mnamo Machi 1888 mkewe Lever, Elizabeth, alikata udongo wa kwanza wa mji uliopewa jina la sabuni: Port Sunlight. Kufikia 1914 palikuwa na nyumba zipatazo 800, zenye bustani, shule, zahanati na ukumbi, zikikaliwa na watu wapatao 3,500. Lifebuoy, sabuni nyekundu yenye dawa ya karboliki ya kuua vijidudu, iliingia sokoni mwaka 1894, na Lux ikafuata mwishoni mwa karne hiyo, kwanza ikiwa vipande vyembamba vya kufulia nguo laini.

Lever alikuwa na nadharia juu ya Port Sunlight, na nadharia hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu inafanana sana na kitu ambacho Kericho inakijua. Hakuamini katika kuwagawia wafanyakazi faida kwa fedha taslimu. Aliamini katika kuwagawia kwa nyumba bora, bustani na shule. Nyumba hizo zilikuwa bora kweli, tena kuliko nyumba za wafanyakazi wengi wa Uingereza wa wakati huo. Lakini nyumba ilifuatana na kazi. Aliyepoteza kazi alipoteza na paa, na kampuni ilikuwa na neno la kusema hata kuhusu mwenendo wa mpangaji nje ya saa za kazi.

Mchanganyiko wa Watson ulileta shida nyingine. Shahamu ilipatikana kwa mchinjaji wa jirani. Mawese na mbata vilitoka maelfu ya maili, katika nchi za joto. Kadiri sabuni ilivyouzwa ndivyo kiwanda kilivyotegemea zaidi ardhi ya watu ambao hawajawahi kuiona Bolton. Watengenezaji wa siagi ya mimea nao walianza kuyagombania mafuta hayohayo, bei ikapanda, na Lever akaamua kuimiliki chemchemi badala ya kununua maji.

Alianza na mashamba ya minazi katika visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1911 alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji kuhusu Kongo. Kampuni mpya, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki ya kujichagulia hadi hekta 750,000 za michikichi katika maeneo matano makubwa, na kitovu chake kikaitwa Leverville, mji ambao leo ni Lusanga. Mkataba uliahidi shule, hospitali na mshahara wa chini. Wanahistoria wameonyesha kwamba pamoja na ahadi hizo palikuwa na kazi ya kulazimishwa: wanaume walikusanywa na maafisa wa serikali na kupelekwa kukwea michikichi na kukata mikungu. Wapende wa eneo la Kwilu walipoasi mwaka 1931, mamia yao waliuawa na majeshi ya Ubelgiji.

Ni vigumu kuamini kwamba Port Sunlight na Leverville zilikuwa mali ya mtu mmoja, na pengine kosa ni kuziona kama vitu viwili. Bustani za mji wa kwanza zililipiwa kwa sehemu na mikungu ya mji wa pili.

Lever, ambaye kufikia wakati huo alikuwa Lord Leverhulme, alifariki Mei 7, 1925, muda mfupi baada ya kurejea kutoka Kongo. Hakuwahi kuwa na shamba Kericho. Lakini katika miaka hiyohiyo, kampuni mbili za Waingereza zilikuwa zikianza kufyeka msitu na nyasi katika nchi ya Wakipsigis ili kupanda zao ambalo lingekuja kuangukia mikononi mwa warithi wake.

Kericho na Bomet, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi ilipotengwa mwaka 1992, zina kile ambacho mchai unakipenda. Ardhi iko juu kwa takriban mita 1,800 hadi 2,200 kutoka usawa wa bahari, udongo ni mwekundu wenye kina na asidi, na upepo unyevu wa Ziwa Victoria hukutana na hewa ya Msitu wa Mau na kuleta mvua karibu kila alasiri. Mara nyingine mvua hiyo huwa ya mawe, nayo huyapukutisha majani ambayo yangechumwa kesho yake.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Sheria ya Ardhi ya Milki ya mwaka 1902 iliwapa walowezi nafasi ya kukodi ardhi kwa miaka 99. Ile ya 1915 iliongeza muda huo hadi miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu ya ekari katika eneo la Kericho yalitengewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walikusudia kulima kitani. Bei ya kitani ikaporomoka na mpango ukafa. Ardhi haikurudi kwa Wakipsigis. Ilichukuliwa katikati ya miaka ya 1920 na wenye mtaji: James Finlay ya Glasgow, kupitia kampuni ya African Highlands, na Brooke Bond.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Familia nzima zilihamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali penye mbung'o na malaria. Hawakuruhusiwa kurudi hadi karibu na uhuru, na waliporudi walikuta chai.

Brooke Bond yenyewe ilikuwa imeanzia Manchester mwaka 1869, katika duka la kijana aitwaye Arthur Brooke. Bond hakuwepo, Brooke aliliongeza jina hilo kwa sababu lilipendeza masikioni. Naye, kama Lever, alikuwa amegundua kwamba majani ya chai yaliyopimwa mapema, yakafungwa katika pakiti na kupewa jina, humfanya mnunuzi amwamini mtu ambaye hajawahi kumwona.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo wengi wamejiuliza: kampuni ya sabuni ilitaka nini na chai? Kwa mwenye kiwanda, pakiti ya chai na kipande cha sabuni ni ndugu. Vyote hununuliwa kila wiki, kwa fedha kidogo, na mtu yuleyule, katika duka lilelile. Vyote hutokana na mmea wa nchi za joto ambao thamani yake huongezeka mara nyingi unapofungwa na kupewa chapa. Aliyejua kuuza kimoja alijua kuuza cha pili.

Familia ya Lever haikuwa tena mwenye nyumba pekee wakati hayo yalipotokea. Mwaka 1929 Lever Brothers ilikubali kuungana na Margarine Unie, muungano wa familia za Kiholanzi zilizotengeneza siagi ya mimea, na kampuni mpya ikaitwa Unilever. Mwana wa mwanzilishi alifariki mwaka 1949, na mjukuu wake, mwenye cheo cha tatu cha Leverhulme, alifariki mwaka 2000 bila kuacha mwana wa kiume wa kukirithi. Nchini Kenya, Unilever iliingia katika miaka ya 1950 kupitia East African Industries ya Nairobi, jina ambalo wazee wanalikumbuka kwa Kimbo, Blue Band na Omo. Lipton iliingia mikononi mwake kikamilifu mwaka 1972. Mwaka 1984 ilinunua Brooke Bond kwa nguvu, bila ridhaa ya wakurugenzi wake, na pamoja nayo yakaja mashamba ya Kericho. Mwaka 2004 kampuni ya hapa nchini ilibadilishwa jina kutoka Brooke Bond Kenya kuwa Unilever Tea Kenya.

Mfumo ambao Unilever ilirithi ungekuwa rahisi kueleweka kwa Lever mwenyewe. Wachumaji wengi hawakutoka jirani. Tangu enzi za ukoloni waliletwa au walikuja wenyewe kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi. Waliishi katika vijiji vya kampuni vilivyojipanga safu kwa safu katikati ya mashamba. Palikuwa na shule na zahanati, na hospitali kuu ya kampuni. Walipwa kwa kilo za majani walizochuma: majani mawili na chipukizi. Na kama ilivyokuwa Port Sunlight, nyumba ilifuatana na kazi. Aliyestaafu baada ya miaka 30 alirudisha ufunguo.

Kuna waliofaidika, na haifai kuficha hilo. Watoto wengi wa wachumaji walisoma katika shule za mashamba na kufika vyuo vikuu. Mwaka 2007, mashamba ya Kericho yalipata cheti cha Rainforest Alliance, cha kuthibitisha kwamba uzalishaji wake unajali mazingira na wafanyakazi, na pakiti za Ulaya zikaanza kubeba picha ya chura.

Miezi michache tu baadaye udhaifu wa mfumo huo ulidhihirika kwa namna ya kutisha. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipofika Kericho, wafanyakazi waliotoka jamii nyingine hawakuwa na pa kukimbilia. Walikuwa wageni katika ardhi yenye mgogoro, ndani ya nyumba zisizo zao. Wavamizi waliingia katika vijiji vya kampuni; watu waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikaporwa.

Wakenya 218 walifungua kesi jijini London wakidai kwamba Unilever, kampuni mama, ilipaswa kutabiri hatari hiyo na kuwakinga. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliitupa. Hoja iliyoamua kesi hiyo ni ya kisheria lakini inaeleweka kwa urahisi: kampuni mama na kampuni tanzu ni watu wawili mbele ya sheria, na majaji waliridhika kwamba usimamizi wa usalama ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Kenya. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa kuisikiliza. Kwa mchumaji aliyevaa aproni yenye jina la kampuni, tofauti hiyo ya watu wawili haikuwa rahisi kuiona.

Kisha kampuni ikaondoka. Mnamo Novemba 2021 Unilever ilitangaza kwamba imekubali kuuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai, iliyokuwa imepewa jina ekaterra, kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC kwa euro bilioni 4.5. Mauzo yalikamilika Julai 2022. Wachambuzi walitaja kudorora kwa unywaji wa chai nyeusi Ulaya na Marekani. Sabuni ilibaki.

Miezi michache baadaye, Februari 2023, Shirika la Utangazaji la BBC lilitangaza ushahidi wa makumi ya wanawake waliosema walinyanyaswa kingono na wasimamizi katika mashamba ambayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na Unilever, na katika yale ya James Finlay. Unilever ilieleza kushtushwa kwake, na kukumbusha kwamba ilikwisha kuyauza mashamba. Mnamo Mei mwaka huohuo vijana walivamia mashamba ya Kericho na kuteketeza mashine za kuchuma majanichai. Mashine moja huchuma majani ambayo yangehitaji mikono ya watu wengi, na mfumo wa kugawa neema kwa nyumba na shule hauna la kumpa mtu asiyehitajika tena shambani.

Mwaka 2023 Finlay ilikubali kuuza mashamba yake ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka 2024 warithi wa Unilever, sasa wakiitwa Lipton Teas and Infusions, walitangaza kuyauza ya kwao kwa Browns hiyohiyo. Kampuni mbili zilizokuwa jirani na wapinzani kwa karibu miaka 100 zikawa chini ya mnunuzi mmoja. Ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa ingetengewa wakazi. Viongozi wa Kericho na Bomet walipinga, wakisema jamii haikushirikishwa ipasavyo na kwamba hisa kidogo katika kampuni si badala ya ardhi.

Suala la ardhi lenyewe linakwenda kwa mkondo wake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, ilikata miaka 999 ya asiye raia ikabakia isiyozidi 99. Mwaka 2021 wataalamu maalum wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba Uingereza haijawaomba radhi wala kuwafidia zaidi ya watu nusu milioni wa jamii ya Wakipsigis na ukoo wa Talai walioteswa na kufukuzwa katika ardhi yao wakati wa ukoloni. Mnamo Agosti 2022 wawakilishi wao waliwasilisha malalamiko katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg. Mdaiwa katika malalamiko hayo ni serikali ya Uingereza. Unilever, CVC na Browns si washtakiwa. Wao walinunua na kuuza kilichokuwa tayari kimechukuliwa.

Huko Port Sunlight, kampuni ilianza kuziuza nyumba zake kwa watu binafsi katika miaka ya 1980, na wapangaji waliotaka wakazinunua. Zinalindwa na sheria ya majengo ya kale, na watalii hupita wakizipiga picha. Katika maduka ya Kericho, Sunlight ingali rafuni, katika karatasi ya manjano, kando ya pakiti za chai.